Vioja vya kurusha kwenye grupu la familia

Kwenye grupu letu la familia mimi ndiye mleta vioja, na ninachokitafuta kwanza ni kitu ambacho mtu atakijaribu papo hapo alipoketi. Habari ya kuaminiwa tu, hata iwe tamu vipi, huishia kwenye "duh!" mbili tatu, kisha watu wanarudi kwenye salamu za asubuhi zenye maua.

Kama ndiyo unaanza, anza na rimoti ya televisheni. Waambie wafungue kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipigia selfi, wailenge kwa ncha ya rimoti kisha wabonyeze kitufe chochote. Kwenye kioo cha simu wataona nukta ya mwanga ikiwakawaka, nyeupe au ya zambarau, ilhali kwa macho matupu hakuna kitu. Rimoti nyingi hutuma amri kwa mwanga wa infraredi, ambao jicho la mtu haliuoni lakini kamera huunasa. Kamera ya mbele itaje waziwazi, maana ya nyuma mara nyingi ina kichujio kinachouzuia mwanga huo, na usipolisema hilo utaambiwa umetunga. Rimoti zinazotumia bluetooth nazo huenda zisionyeshe chochote. Mjomba wangu, mtu asiyeamini kitu mpaka akione, alikagua kila rimoti nyumbani kwake akatujibu: "Ya redio imekufa, kumbe nimekuwa nikiilaumu redio." Siku hizi ndiye wa kwanza kufungua jumbe zangu.

Cha pili ni picha ya ubao wa drafti aliyoitengeneza Edward Adelson wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1995. Kuna mcheduara umesimama juu ya ubao na kivuli chake kimelala juu ya miraba. Itume na swali moja tu: kati ya mraba A na mraba B, upi umekoza zaidi? Halafu nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanatuma picha na jibu kwa pamoja. Acha wabishane hadi jioni, ndipo uwaambie wachukue karatasi, watoboe matundu mawili yanayolingana na miraba hiyo, wafunike sehemu iliyobaki. Rangi ni ileile! Ubongo umeuona mraba B uko kivulini, ukaamua lazima kiasili ni mweupe, ukaung'arisha bila kukuuliza.

Sasa, kukagua. Huenda umewahi kutumiwa ule ujumbe wa dawa ya meno, kwamba kijimstari cha rangi mwishoni mwa tyubu kinaonyesha kama dawa ni ya asili au ya kemikali. Si kweli. Kile ni alama ya kusomwa na mashine kiwandani, ijue pa kukatia na kuziba tyubu. Mimi ujumbe ukishaanza na "hawataki ujue", naufuta bila kuumaliza. Picha ya ajabu naipitisha kwanza TinEye au Google Lens, huduma za mtandaoni za kutafuta picha ilikowahi kutokea. TinEye inakuwezesha kupanga matokeo kuanzia la zamani zaidi, kwa hiyo picha ya "jana usiku" huumbuka upesi.

Tuma kimoja kwa wakati, tena jioni watu wakiwa wametulia. Video nzito waachie wengine.

Siku watoto wamejaa nyumbani, tuma hiki: kata utepe mrefu wa karatasi, uzungushe ncha moja nusu mzunguko, kisha gundisha ncha mbili pamoja. Ni pete ya Möbius, yule mwanahisabati Mjerumani wa karne ya 19. Waambie wachore mstari katikati bila kuinua kalamu mpaka warudi walipoanzia, kisha waukate kwa mkasi kufuata mstari huohuo. Kitakachotokea siandiki, hata wewe kachukue mkasi.