Unaishi Dar, shamba liko Dumila: namna ya kupata mbolea ya ruzuku

Nimeandika haya baada ya kuhangaika na mbolea ya mamdogo. Yeye anakaa Mbagala, ekari zake nne za mahindi ziko Dumila, kilimo cha simu kama wengi wetu.

Kabla ya yote: ruzuku hii haiingii kwenye simu kama hela. Serikali inafidia sehemu ya bei kwa wanaoleta mbolea, wewe unalipa dukani bei iliyopunguzwa. Mpango ulipoanza Agosti 2022, mfuko wa kilo 50 wa DAP au Urea ulishushwa hadi shilingi 70,000, wakati bei ya soko ilikuwa imepita laki moja. Bei hubadilika kwa msimu, kwa hiyo uliza kabla hujafunga safari.

Hatua ya 1. Jisajili kijiji lilipo shamba, si mtaa unaolala. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au bwana shamba. Kama ulijisajili msimu uliopita, huisha taarifa zako.

Hatua ya 2. Beba namba ya NIDA na ukubwa wa shamba. Sema wazi ni ekari au hekta, maana hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu na mifuko yako inakadiriwa kutokana na hapo.

Hatua ya 3. Namba ya simu. Hapa ndipo tulipolala njaa.

Mamdogo alisajiliwa, akaambiwa asubiri ujumbe wenye namba yake ya mkulima. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Mimi nikalaumu mtandao. Wiki ya tatu nikapanda basi Mbezi mpaka Dumila, tukafunua daftari: namba yake inaishia 68, imeandikwa 86. Ujumbe ulikuwa unakwenda kwa mtu tusiyemjua. Kurekebisha kulichukua dakika kumi, ila mvua haikutusubiri.

Kwa hiyo usiondoke ofisini kabla anayeandika hajakusomea namba yako kwa sauti, tarakimu moja moja. Bora zaidi, mwombe aipige simu yako iite hapo hapo mezani. Mwingine atanuna, mwache anune. NIDA nayo ihesabu: tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa, kwa hiyo kosa la hapo unaliona kwa macho. Majina yafuate kitambulisho. Mamdogo kitambulisho kinasema Mwanahawa, kijiji kizima kinamwita Mama Shaki.

Tumia laini yako mwenyewe, siyo ya mtoto wala ya kijana wa shamba. Ukiwa na wasiwasi imesajiliwa kwa nani, piga *106# uangalie. Na kama ni kitochi, futa meseji za zamani, kwa sababu kikijaa hakipokei kitu. Namba ya mkulima ikifika, iandike kwenye karatasi. Mimi siamini picha ya skrini. Simu huibiwa Kariakoo, karatasi haina mwizi.

Kishoka akikwambia atakusajili kutoka Dar kwa elfu kumi, mpite. Namba yako ikiwa mikononi mwake, mifuko yako inaweza kununuliwa na mwingine.

Hatua ya 4. Nenda kwa wakala aliyeidhinishwa, toa namba, lipa, dai risiti. Hakikisha mfuko anaokupa ndio aliouskani. Nunua huko huko karibu na shamba. Kusafirisha mbolea kutoka mjini ni kumlipa dereva ile nafuu uliyopata.

DAP ya kupandia, Urea ya kukuzia. Urea inavuta unyevu, ipange juu ya mbao, siyo sakafuni. Bodaboda anabeba mifuko miwili, wa tatu atakubali kuubeba, lakini utachanikia njiani.