Kutuma kiraka cha kwanza kwenye kerneli ya Linux, ukiwa Bukavu

Juzi mdogo wangu alipanda hadi kwangu Kadutu, kompyuta kwapani. Alikuwa amerekebisha kosa dogo kwenye draiva moja ya Linux (programu inayoendesha kifaa cha kompyuta). “Yaya, sasa nibonyeze wapi?” Hakuna pa kubonyeza. Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, hupokea viraka (marekebisho ya msimbo) kwa barua pepe.

1. Hifadhi kazi yako kwa `git commit -s` (git ni programu ya kutunza historia ya msimbo). Hiyo `-s` huweka mstari wa Signed-off-by wenye jina lako, kuthibitisha kwamba una haki ya kutoa msimbo huo. Bila mstari huo hupokelewi.

2. Toa faili ya kiraka kwa `git format-patch`, uipitishe kwenye `scripts/checkpatch.pl`, inayokagua mtindo wa msimbo. Kisha `scripts/get_maintainer.pl` itakutajia wa kumwandikia.

3. Kutuma. Hapa ndipo nilipokesha usiku mzima. Nilinakili kiraka nikakibandika kwenye Gmail ya kivinjari. Kwa macho kilikuwa kizima, kumbe Gmail imegeuza kila Tab kuwa nafasi na kukata mistari mirefu, kwa hiyo `git am` ya msimamizi (amri ya kuingiza kiraka kutoka kwenye barua) ikakikataa. Kukiambatisha kama faili nako hakufai, maana mkaguzi anataka kunukuu mstari kwa mstari. Barua ya HTML ndiyo kabisa, orodha ya barua pepe ya kerneli huitupa.

Tumia `git send-email`, mengine achana nayo. Kwenye Ubuntu iko katika pakiti ya peke yake, `git-email`. Weka `smtp.gmail.com`, poti 587, tls. Nywila yako ya kila siku itagoma: washa kwanza uthibitishaji wa hatua mbili, ndipo uombe nywila ya programu, ile ya herufi 16. Jitumie mwenyewe kwanza, ishushe, uijaribu kwa `git am` kwenye tawi safi. `git format-patch` haihitaji mtandao, kwa hiyo umeme ukikatika kiraka kinakusubiri kwenye diski, na kukituma hakuli mega.

4. Jibu kila hoja chini yake, si juu. Ukirekebisha, tuma kiraka kizima upya, ukikitoa kwa `git format-patch -v2` (toleo la pili); mabadiliko yaeleze chini ya `---` ili yasiingie kwenye historia. Wakikaa kimya, ngoja angalau wiki moja. Kwenye zile wiki mbili Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, anapopokea kazi za toleo jipya, ngoja zaidi.

Mdogo wangu amejibiwa: msimbo hauna neno, kichwa cha barua ndicho kibaya. Amenuna kidogo, ila v2 anaiandika.