Visheti, kashata na mabuyu vya meza ya harambee: shira ndiyo inayoamua

Kila ikikaribia harambee ya madrasa, ya shule au ya kumchangia mgonjwa, maswali ni yale yale: visheti vinanata, kashata hazikuganda, mabuyu yamekuwa donge moja. Nimeyajibu moja moja mpaka nimechoka. Naandika mara moja hapa, na ukiulizwa mpe mwenzio somo hili. Vitu vyote vinapatikana duka lolote la mtaani hapa Malindi. Havitaki tanuri, havitaki mayai, na vinakaa bila friji, kwa hivyo unaweza kupika Alhamisi ukauza Jumamosi. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250.

VISHETI

Unga wa ngano mweupe nusu kilo, samli vijiko 4 vya mezani, tui zito kikombe 1, iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo, mafuta ya kukaangia. Shira: sukari kikombe 1 na nusu, maji robo tatu ya kikombe. Basi.

1. Pasha samli, mimina kwenye unga, sugua kwa vidole mpaka ukiufumbata ushikane.

2. Tia iliki na chumvi, kisha tui kidogo kidogo. Donge liwe gumu kuliko la chapati. Tui si lazima liishe.

3. Funika dakika 20.

4. Kata vidonge vya ukubwa wa njugu mawe. Kila kimoja kibonyeze kwa kidole gumba juu ya mgongo wa uma na ukiviringishe, kijikunje kama kombe dogo la pwani, ndani wazi. Uwazi huo ndio unaopitisha mafuta katikati, na mistari ya uma ndiyo inayoshika sukari.

5. Kaanga kwa moto wa wastani. Kipande cha kujaribia kizame kwanza, kisha kiibuke juu taratibu na mapovu madogo. Kikiruka juu papo hapo, mafuta ni moto mno: nje patakuwa hudhurungi na ndani unga mbichi, na kesho yake visheti vimelegea. Kila mkupuo dakika 8 hadi 10.

6. Epua, chuja mafuta, acha vipoe KABISA. Vikiwa moto vinatoa mvuke, na mvuke unailainisha sukari utakayovivisha.

7. Shira. Hapa ndipo nilipoharibu visheti vya kilo nzima, kwa hivyo soma polepole. Weka sukari na maji kwenye sufuria pana, koroga mpaka sukari iyeyuke, halafu ACHA kukoroga na uache ichemke. Mapovu yakianza kuwa makubwa na mazito, dondosha tone kwenye kisahani, lipoe kidogo, libane kati ya gumba na shahada, kisha achanisha vidole. Uzi ukivutika kama sentimita 2 bila kukatika, tayari. Ukikatika mara moja, rudisha motoni dakika moja upime tena. Zima moto, mimina visheti vyote kwa pamoja, na sasa geuza bila kupumzika kwa mwiko. Dakika ya kwanza vitang'aa na kuteleza, utadhani umekosea. Usiache. Utaona ukungu mweupe ukingoni mwa mwiko, kisha mlio utabadilika: badala ya kuteleza vitaanza kuchakacha kama kokoto. Hapo sukari imekauka. Vimwage kwenye sinia na utenganishe vilivyoshikana vikiwa bado vuguvugu.

Onyo la kwanza: usitie ndimu kwenye shira ya visheti. La pili: usitie asali. La tatu: usipike siku ya mvua ukaviacha wazi. Sukari huvuta maji ya hewani, na hewa yetu ya pwani ina maji tele. Vikipoa, moja kwa moja kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana.

Vikinata, virudishe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ugeuze dakika 3 hadi 5. Mara nyingi vinapona.

KASHATA ZA NAZI

Nazi 2 zilizokunwa, sukari nusu kilo, maji kikombe 1, iliki nusu kijiko cha chai. Ukitaka ziwe nyeupe, usiikune nazi mpaka kwenye ngozi ya kahawia. Chemsha shira mpaka tone likidondoshwa kwenye maji baridi likusanyike kuwa kidonge laini. Tia nazi na iliki, geuza kwa moto wa wastani mpaka mchanganyiko uachane na kuta za sufuria. Tandaza kwenye sinia iliyopakwa mafuta, unene wa sentimita 1 na nusu. Kata zikiwa vuguvugu. Zikipoa kabisa zitavunjika ovyo.

Hazikuganda? Rudisha motoni. Zimekuwa kavu za kumong'onyoka? Rudisha motoni na vijiko 3 vya maji. Kashata hazitupwi.

MABUYU

Mabuyu nusu kilo, sukari vikombe 2, maji kikombe 1, rangi nyekundu ya CHAKULA kijiko 1 cha chai, iliki, chumvi kidogo, pilipili ya unga nusu kijiko cha chai. Chekecha kwanza: ondoa nyuzi, unga uliodondoka uweke kando. Chemsha sukari, maji, rangi na viungo dakika 7 hivi mpaka inate kwenye kijiko. Tia ule unga, koroga, kisha mabuyu. Moto mdogo sasa, geuza mpaka kila kokwa ivae rangi na chini ya sufuria pakauke. Usiyaache yachemke ndani ya shira. Ubuyu utayeyuka wote, ubaki na kokwa tupu ndani ya uji mwekundu.

KUFUNGA NA BEI

Mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hivyo tumia mifuko midogo ya khaki. Gazeti hapana, wino unahamia kwenye chakula. Funga asubuhi ya mauzo, si usiku. Nusu kilo ya unga hutoa pakiti 20 hivi za gramu 50. Bei iwe ya sarafu, shilingi 10 au 20, watoto wasikwame kwa chenji. Chenye njugu kiandikwe.

MASWALI

Ufukweni: Naomba vipimo vya visheti.

Jibu: Viko juu, mstari wa kwanza chini ya neno VISHETI.

Mpishi Mpya: Dada, nimefuata kila kitu na vinanata kama gundi. Nimerudisha motoni, wapi!

Jibu: Ulitia ndimu?

Mpishi Mpya: Kidogo tu, nusu.

Jibu: Onyo la kwanza. Shira hiyo haitakauka hata ukigeuza mpaka Magharibi. Pika nyingine.

Bint Mkomani: Asalaam aleikum dada. Huku Lamu bibi yangu hutia ndimu kwenye shira ya kaimati na inatoka nzuri sana. Kwa nini kule iwe sawa na huku iwe kosa? Nataka kuelewa, si ubishi.

Jibu: Waaleikum salaam mdogo wangu. Bibi yako yuko sahihi. Sukari ikichemka na kitu kichachu, sehemu yake inavunjika kuwa glukosi na fruktosi. Hizo zikichanganyika na sukari iliyobaki, zinaizuia isijipange upya kuwa chembe, na shira inabaki nyororo ya kung'aa. Kaimati inataka hivyo. Visheti vinataka kinyume chake: chembe zirudi, ziwe nyeupe na kavu. Ndiyo maana kaimati tunaitia ndimu na hatuikorogi, na visheti hatutii ndimu na tunageuza kwa nguvu, maana kugeuza ndiko kunakoziamsha chembe. Mwambie Mpishi Mpya ile shira yake achovyee kaimati, asiimwage.

Baba Wawili: Kashata kwa machicha inawezekana? Tui nishalitumia kwenye wali.

Jibu: Hapana. Mafuta mengi yameondoka na tui, utatafuna nyuzi tamu. Nazi nzima.

Kusi na Kaskazi: Nina thamometa ya jikoni. Nipime wapi?

Jibu: Swali zuri. Visheti nyuzi 112, kashata 115 kabla ya kutia nazi. Hesabu hizo ni za huku usawa wa bahari, maji yanapochemka kwa 100. Ukipika Nairobi toa 5, kwa sababu kule maji yanachemka kwenye 94 au 95.

Kusi na Kaskazi: Ahsante. Nami naongeza: shira ile ile ya kashata nimeitia ufuta uliokaangwa mkavu badala ya nazi, vikombe 3. Zinakaa muda mrefu kuliko za nazi.

Jibu: Kweli, ufuta hauna maji ya nazi. Ukaangwe mpaka uanze kuruka tu, ukipita hapo unakuwa mchungu.

Ufukweni: Unga wa kujiumukia unafaa?

Jibu: Hapana. Visheti vitafura na uwazi utazibika.

Bint Mkomani: La mwisho dada. Nataka kuleta visheti Malindi, boti mpaka Mokowe halafu basi. Vitafika?

Jibu: Vitafika. Jaza kopo mpaka juu visipate nafasi ya kugongana, tandika karatasi chini na juu, na ufunge kifuniko kabla hujafika gatini, si ndani ya boti kwenye upepo wa bahari. Mabuyu yaweke kopo lake, rangi yake inahamia. Kashata zisimamishe ubavu kwa ubavu, usizipandanishe.