Jinsi ya kusoma hisia za wahusika katika A Christmas Carol

Nikiwauliza wanafunzi Scrooge, mhusika mkuu, ana hisia gani, jibu huja upesi: ni bahili. Ubahili ni tabia. Hisia huja na kupita, na ndiyo tunayoisaka hapa. Chukua penseli na hadithi hii ya Charles Dickens, iliyotoka mwaka 1843.

Hatua ya 1. Chora safu mbili: hisia za mhusika, na hali inayotawala kisa. Sura ya kwanza, ukungu wa London unapenya hadi kwenye tundu la ufunguo, na saa tisa alasiri tayari ni giza. Hiyo ni hali. Lakini Fred, mpwa wa Scrooge, anatokea humo humo amechangamka, uso umemwiva. Ukizichanganya safu hizo, Fred atakupotea.

Hatua ya 2. Pigia mstari vitendo. Karani wa Scrooge, Bob Cratchit, anajaribu kuota moto wa mshumaa. Hapo huhitaji kuambiwa kwamba ni mnyonge.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Sura ya nne, mzimu unamwonyesha Scrooge siku zijazo ambamo Tim mdogo, mtoto wa Bob Cratchit, amefariki. Watoto waliokuwa wakirukaruka sura iliyotangulia wametulia kama sanamu. Mama anaweka ushonaji chini, anasema rangi ya kitambaa inamuumiza macho. Wanamngoja baba, na mmoja anasema siku hizi anatembea polepole kuliko zamani. Mama anakumbuka alivyokuwa akienda mbio, Tim akiwa begani. Sasa jiulize: aliyebeba mtoto alikwenda haraka, asiye na mzigo anajikokota. Kwa nini? Andika jibu lako kabla ya kusoma la mtu mwingine. Nimeusoma ukurasa huu darasani mara nyingi, na bado sauti hunikwama.

Hatua ya 4. Rudi sura ya pili utafute mahali Scrooge anapoanza kulegea. Mzimu mwingine unamrudisha utotoni: anajiona akiwa mtoto aliyeachwa peke yake shuleni, na yeye mtu mzima analia. Mara anamkumbuka mvulana aliyeimba mlangoni pake asimpe kitu. Angalia mpangilio: alijihurumia mwenyewe kwanza, ndipo akamhurumia mwingine.

Hatua ya 5. Linganisha hali ya mwanzo na ya mwisho. Scrooge anafungua dirisha asubuhi ya Krismasi: ukungu umetoweka, lakini baridi iko palepale, na sasa inamchangamsha damu. Andika "baridi" katika safu zote mbili, na namba ya sura kando yake.