Kumtembeza mwenye kiti cha magurudumu Mama Ngina, Mombasa

Kila ninapoulizwa ni wapi Mombasa mtu wa kiti cha magurudumu anaweza kupunga upepo wa bahari bila kubebwa mzegamzega, jibu langu la kwanza ni Mama Ngina. Tangu bustani ile ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, ina njia pana zilizosakafiwa juu ya mlango wa bahari wa Likoni, na meli za bandari ya Kilindini hupita karibu kabisa. Fuata utaratibu huu.

1. Kagua kiti kabla ya kutoka. Jaza tairi upepo. Funga breki zote mbili, kisha kisukume: kikisogea, breki zikazwe kwanza. Tazama na magurudumu madogo ya mbele, maana nywele na nyuzi hujisokota pale hadi yakagoma kuzunguka. Zitoe kwa kibano. Mwenye buibui au leso akunje pindo na kulikalia, lisije likanaswa na spoku.

2. Chagua saa. Asubuhi mapema, au kuanzia saa kumi alasiri. Jumapili jioni watu hujaa mno. Msimu wa kusi, beba shali.

3. Kushuka kwenye tuktuk. Mwambie dereva asimame mahali tambarare. Kunjua kiti, funga breki, inua vikanyagio vya miguu, ndipo mwenyewe ahamie. Ukifika tu, ulizia choo na ukakague upana wa mlango kabla haja haijabana.

4. Njiani. Usishike vishikio bila kumwambia. Penye kabro (matofali ya kusakafia njia) zilizotitia, gurudumu la mbele hukwama ghafla na aliyeketi akarushwa mbele, kwa hiyo punguza mwendo mapema. Kanyaga kile chuma kilichochomoza nyuma ya kiti huku ukivuta vishikio kwako, magurudumu ya mbele yainuke kidogo. Pita, kisha yashushe taratibu. Penye mteremko mkali geuza kiti, ushuke kinyumenyume, mgongo wake ukiwa upande wako. Kipimo kinachotumiwa sana na wajenzi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda; ukikuta njia imesimama kuliko hapo, tafuteni nyingine. Ngazi ziacheni, hata vijana wakijitolea kubeba. Kiti kimoja kikiteleza mkononi, mtu ameumia.

5. Simameni kutazama bahari. Hapa ndipo wasukumaji wengi wanapokosea. Macho ya aliyeketi yako chini kuliko yako: wewe unaona meli, yeye anaona ukingo. Chuchumaa kando yake, tazama kutoka usawa wa macho yake, mhame mpaka maji yaonekane. Kiti kikae sambamba na bahari, kisielekee mteremko, na breki zifungwe. Chini ya mibuyu kuna kivuli kizuri. Mkae hapo mpaka aseme yeye twende.

6. Mihogo na madafu. Muuzaji atakugeukia wewe: "Huyu atiliwe pilipili?" Mwambie amuulize mwenyewe. Tafadhali usimjibie, hata kama unajua anavyopenda. Matembezi ni yake.

7. Mkirudi. Chumvi ya bahari hula chuma. Pangusa kiti kwa kitambaa chenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kikaushe, kisha tia tone la mafuta kwenye magurudumu ya mbele na kwenye maungio.