Somo: Jiko, choo na banda la uani kwenye nyumba ya mawe, kuyatunza yaliyopo na kuongeza jipya

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mtu akirithi nyumba ya mawe hapa Lamu, kitu cha kwanza kuvunjwa huwa ni uani. Mlango wa nakshi atauhifadhi, zidaka za ukutani atazipaka chokaa, lakini jiko la bibi yake lililojaa masizi atalibomoa wiki ya kwanza ili apate pa kuweka tangi na chumba cha kupangisha. Nimeliona hilo mara nyingi mno na bado huniuma. Nyumba hizi hazikujengwa kuwa sebule tupu. Zilijengwa pamoja na mahali pa kupikia, pa kuogea, pa kuweka nazi na kuni, na pa kumfunga punda. Vibanda hivyo ndivyo vinavyotueleza watu waliishije humo.

Nitaeleza kwa mji wa Lamu, kwa kuwa ndiko ninakofanyia uashi. Aliye Siu, Pate, Unguja au Bagamoyo atakuta mawe, chokaa na boriti ni vile vile.

Hatua ya 1: Lisome jengo kabla ya kuligusa

Pima, chora, piga picha kila upande. Kisha kaa na wazee wa mtaa uwaulize kila kibanda kilikuwa cha nini. Usishangae ukiambiwa jiko halikuwa chini kabisa. Katika nyumba ndefu za Lamu jiko lilikuwa juu ya paa, wenyewe tukiliita kidari cha meko, ili moshi na joto viende na upepo. Kwa hiyo kile kibanda cha makuti kilichochakaa huko juu, unachokiona takataka, huenda ndicho jiko la asili la nyumba.

Kila penye ufa, chora mstari wa penseli unaokatiza ufa na uandike tarehe. Baada ya miezi kadhaa utajua kama ufa umelala au bado unatembea. Ukiweza, subiri masika yapite. Mvua ya siku tatu itakuonyesha mengi ambayo fundi hawezi kukuambia wakati wa kiangazi.

Hatua ya 2: Kibali

Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000. Banda la uani nalo ni sehemu ya mji huo, hata kama halionekani kutoka njiani. Kwa Lamu anzia ofisi ya Makumbusho, kwa Unguja nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kama nyumba ni ya wakfu, zungumza na msimamizi wake kabla ya kununua hata gunia moja la chokaa.

Hatua ya 3: Maji kwanza, uzuri baadaye

Angalia maji ya paa la banda yanaangukia wapi. Mara nyingi banda limeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba kubwa, na pale paa linapokutana na ukuta maji huingia kimya kimya mwaka baada ya mwaka. Geuza mwinamo wa paa uelekee mbali na nyumba. Zibua mfereji wa zamani, usiuzibe kwa vigae. Sakafu ya uani iteremke kuelekea mferejini, na usiongeze udongo wala zege mpaka sakafu ikaupita msingi.

Hatua ya 4: Ondoa saruji

Hapa nakuombeni mnisikilize vizuri, maana kosa hili nililifanya mimi mwenyewe nikiwa kijana. Tulikiziba choo cha uani kwa saruji nje na ndani, kikapendeza, mwenye nyumba akafurahi. Baada ya masika machache plasta ilianza kubambuka vipande vipande, na kila kipande kilitoka kimebeba uso wa ukuta wa zamani. Ukuta uliokaa vizazi kadhaa tuliuharibu sisi kwa muda mfupi.

Sababu yake ni hii. Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, una unene wa kama nusu mita, na unapumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hutoka usoni mwa ukuta na kukauka kwa upepo. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi yaliyoibeba hukauka nyuma ya plasta, huota kama unga na kusukuma mpaka kila kitu kikaanguka.

Basi ibandue taratibu, kwa patasi na nyundo ndogo. Usitumie mashine ya kutoboa. Mahali ambapo saruji imeshika kiasi cha kung'oa mawe, iache kwanza, urudi baadaye. Ukuta ukishakuwa uchi uache ukauke, miezi kama unayo. Chumvi inayotoka isugue kwa brashi kavu na uizoe. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Hatua ya 5: Chokaa

Chokaa iliyotoka tanuuni, kabla haijalowekwa, ni kitu cha hatari. Ikikutana na maji huchemka na kurusha. Vaa miwani ya kazi na glavu, weka watoto mbali, na siku zote tia chokaa kwenye maji mengi. Usiimwagie maji chokaa kavu iliyo kwenye chombo. Koroga, chuja, kisha iache ndani ya pipa au shimo ikiwa imefunikwa kwa maji. Wiki chache zinatosha kwa haraka. Miezi mitatu ni bora, nayo hulainika kama siagi.

Mchanga uwe mkali, yaani wa punje zinazokwaruza, usiwe wa pwani. Kama huna budi kutumia wa pwani, uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara nyingi, kwa sababu chumvi yake ni ile ile unayoikimbia. Kipimo changu ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Lowesha ukuta, piga tabaka jembamba la kama sentimita 1, liache lishike kabla ya la pili. Usipige plasta juani saa sita. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta kwa siku kadhaa, maana chokaa hukomaa polepole kwa hewa, na ikikauka haraka hupasuka na kugeuka unga.

Hatua ya 6: Boriti

Boriti za mikoko huoza kwenye ncha, zile zilizofukiwa ukutani. Katikati huonekana nzima kabisa. Choma kila ncha kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, boriti hiyo imekwisha. Badilisha moja moja, huku dari ikiwa imetegemezwa kwa miti chini yake, na ncha mpya uiachie nafasi ya hewa ukutani badala ya kuifunga kwa zege. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali cha misitu. Usibadilishe zilizo nzima kwa ajili ya kupendeza.

Hatua ya 7: Kujenga jipya

Jengo jipya la uani lisimame kwa miguu yake. Liache nafasi ya mtu kupita kati yake na ukuta wa nyumba, hata kama ni ya mtu kupita ubavu. Nafasi hiyo hukuwezesha kukarabati ukuta, huingiza upepo, na siku jengo likiondolewa nyumba haibaki na kovu.

Kimo kiwe chini ya nyumba kubwa, na chini ya madirisha yake. Upana usizidi kama mita 2.5 hadi 3, kwani huo ndio uwezo wa boriti, na ndio sababu vyumba vya nyumba zetu ni vyembamba na virefu. Ukifuata kipimo cha boriti, jengo lako litafanana na jirani yake bila kulazimisha. Usilitie nakshi wala matao. Banda ni banda, na uzuri wake ni ukuta mweupe uliopigwa vizuri na mlango wa mbao nzito.

Paa la makuti liwe na mwinamo wa kama nyuzi 45. Likilala zaidi maji hukaa na makuti huoza. Lakini kama ni jiko la moto, fikiria mara mbili. Vichochoro vyetu ni vyembamba na cheche haihitaji kuruka mbali. Mimi jiko huliezeka kwa dari ya boriti na chokaa, makuti nayaacha kwa kivuli cha kupumzikia.

Banda la punda lipeleke mbali kabisa na ukuta wa nyumba. Mkojo wake una chumvi zinazokula mawe, na nimewahi kukuta ukuta umeliwa mpaka kimo cha goti. Sakafu iteremke, ioshwe kila siku. Na choo kipya kisikaribie kisima: mita 30 ndicho kipimo kinachopendekezwa mara nyingi. Pasipopatikana nafasi hiyo, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mjini, tumia shimo lililosakafiwa lisilovuja, linyonywe likijaa.

Maswali ya wanachama

*Fundi, salaam. Fundi wetu anasema tukitia saruji kidogo kwenye chokaa itashika haraka. Ni kweli? (Mombasa)*

Wa alaykum salaam. Itashika haraka, hilo ni kweli. Lakini utapata kitu ambacho hakina nguvu kamili ya saruji wala upumuaji wa chokaa. Kama haraka ni ya Idi, paka chokaa nyeupe ya maji kwa sasa, plasta ingoje.

*Maalim, jikoni kwa marehemu bibi boriti zote nyeusi kwa masizi. Dada zangu wanataka tuzisugue na kupaka vanishi. Nifanyeje?*

Pole kwa msiba, mwanangu. Zifute vumbi tu kwa kitambaa kikavu. Moshi ule ndio uliowafukuza wadudu miaka yote hiyo. Ukishasugua umeondoa kinga, na vanishi itafungia unyevu ndani. Paka kuta chokaa nyeupe, boriti ziache nyeusi. Mtaona wenyewe zinavyopendeza.

*Tuna birika la zamani bafuni, limepasuka. Ami yetu anasema zamani lilikuwa na samaki. Tulifukie tuweke bafu la kisasa?*

Ami amesema kweli. Samaki wadogo waliwekwa birikani wale viluwiluwi vya mbu. Naomba msilifukie. Likaushe, bandua plasta iliyolegea, piga tabaka mbili nyembamba za chokaa iliyochanganywa na unga wa matofali au vyungu vilivyochomwa, ambao huisaidia kushika hata penye maji. Kaa siku nyingi kabla ya kulijaza. Bafu la kisasa linaweza kukaa pembeni, na maji yake yawe na mfereji wake.

*Assalaam alaykum kutoka Maskati. Nyumba ya familia iko Unguja, tuna ghala uani. Ndugu wanataka kulifanya chumba cha wageni chenye choo na kiyoyozi. Nimekataa, sasa tumenuniana.*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usikatae moja kwa moja, maana ghala lenye mtu ndani hutunzwa kuliko ghala tupu. Pelekeni kwanza mchoro kwa Mamlaka. Kisha shikilia mambo matatu: ukuta usikatwe kupitisha mabomba, yapite sakafuni au nje yaonekane, choo kijengwe kando badala ya kubanwa ndani, na kiyoyozi kisitiririshe maji ukutani. Kabla ya kukinunua, fungueni matundu ya hewa ya zamani juu ya mlango, yale aliyoyaziba mtu kwa mbao. Laleni humo usiku mmoja wa kaskazi, ndipo muamue.

*Rangi ya plastiki ya kopo inafaa juu ya chokaa?*

Haifai. Inaziba ukuta kama saruji, itavimba mapovu. Chokaa ya maji, mara tatu nyembamba, kila mwaka kabla ya Ramadhani kama walivyofanya wazee.