Kumtembelea mtoto mchanga msimu wa kaskazi

Wahudumu wa afya wapya hapa Tanga huniuliza waanzie nyumba ipi. Anzeni kwa mtoto mzima. Ukingoja aharishe umeshachelewa. Daktari Sara Josephine Baker alilionyesha hilo New York kiangazi cha 1908. Aliwapeleka wauguzi 30 katika mitaa iliyosongamana ya Lower East Side, wakiwa na majina ya watoto waliosajiliwa siku iliyotangulia. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha mama wa watoto hao. Vifo vya watoto eneo hilo vilipungua kwa 1,200 kulinganisha na kiangazi kilichopita.

Kwa hiyo majina yachukue wodi ya wazazi, au kwa balozi wa nyumba kumi.

Piga hodi, mwamkie bibi kwanza. Chumba ni chake, hata kama mtoto si wake. Utamkuta mchanga kavishwa sweta, kofia ya sufu na blanketi, dirisha limefungwa kwa kuogopa upepo. Usianze kumvua! Mwombe bibi aguse kisogo cha mtoto. Kikiwa na jasho, atapunguza nguo mwenyewe. Wauguzi wa New York nao walikuta watoto wamezongwa hivyohivyo, na Baker akabuni nguo za kichanga zinazofunguka mbele. Hapa khanga moja nyepesi yatosha mchana. Mtoto njiti sivyo: huyo anataka joto la kifua cha mama, ngozi kwa ngozi.

Kisha maziwa. Utaambiwa ana kiu, apewe maji kidogo. Hapana, mpaka atimize miezi sita. Joto likizidi anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha. Hesabu nepi: akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, anashiba.

Kuna dada mtu wa miaka kumi mlangoni? Mwite. Baker alianzisha vikundi vya wasichana waliolea wadogo zao, wakafundishwa kuosha, kuvisha na kulisha. Mwonyeshe kunawa mikono kwa sabuni, kisha akuonyeshe yeye. Siri zote za nyumba atakupa bila kuulizwa.

Homa, kukataa kunyonya, kupumua harakaharaka, utosi uliobonyea: kituo cha afya leo hii, wala si kesho. Mama akisema anamsubiri baba mtoto, geukia kwa bibi. Yeye akisema twende, wanakwenda.